Mtoto Umemwachia Nani?

Mafuriko yakipita Nairobi huwa kuna orodha, na mtu yeyote aliyekaa mtaani anaijua kwa kichwa: unga, maharagwe, mafuta ya kupikia, blanketi, godoro, sabuni, na siku hizi sodo. (Sodo zilipiganiwa hadi zikaingia, kwa hivyo msiniambie orodha haibadiliki.) Wahisani huileta kwa malori, wanasiasa huisoma kwa kipaza sauti, nasi tulio kwenye foleni huihesabu kwa vidole. Orodha hiyo iliandikwa na watu ambao hawajawahi kupiga foleni wakiwa na mtoto wa mwaka mmoja mgongoni na mwingine wa miaka mitatu anayevuta leso akisema anataka kukojoa.

Hakuna mahali pameandikwa mtu wa kushika watoto.

Nimeona watu wakicheka nikisema hivi. Wanadhani naomba wanasesere na baluni. Naomba kitu kingine kabisa, na nitakieleza kwa mwaka wa 2024 kwa sababu ndio niliouona kwa karibu, ingawa mngeweza kuchukua mwaka wowote na moto wowote wa Mukuru mkapata hadithi ile ile.

Usiku wa kuamkia Aprili 24, 2024, Mto Mathare ulitoka mahali pake. Mvua za masika za mwaka huo ziliua karibu watu 300 nchini. Siku tano baadaye, Aprili 29, maji yalisomba nyumba karibu na Mai Mahiu na kuua makumi ya watu kabla hakujapambazuka. Hayo mnayajua. Sasa angalieni kalenda ya shule ya wiki hizo hizo. Shule zilikuwa likizoni. Zilikuwa zifunguliwe Aprili 29, zikasongezwa hadi Mei 6, halafu Rais akasema zisifunguliwe mpaka itangazwe tena, na mwishowe zikafunguliwa Mei 13. Katikati ya hapo, mwanzoni mwa Mei, wizara ya usalama wa ndani ikawapa watu wanaoishi kando ya mito na mabwawa saa 24 wawe wameondoka, na matingatinga yakashuka Mathare na Mukuru kubomoa kilichokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni.

Yaani serikali iliwaambia watoto wabaki nyumbani, kisha ikabomoa nyumbani.

Sisemi watu wangeachwa pale wazolewe na maji. Nasema maamuzi mawili yalitolewa na serikali moja ndani ya siku chache, na kwa jinsi mambo yalivyokwenda huku chini, ni kama hakuna mtu mezani aliyeuliza watoto watakuwa wapi saa nne asubuhi mzazi akienda kutafuta chumba kingine.

Maana mzazi alikuwa na shughuli siku hizo. Arudi kwenye matope achimbue sufuria kabla hazijabebwa. Alinde mabati yake, kwa sababu bati likilala chini usiku mmoja linaamkia kwenye mizani ya watu wa vyuma kuukuu. Aripoti kitambulisho kilichoenda na maji. Asimame kwa chifu. Atafute landlodi ambaye bado hajapandisha kodi baada ya kuona watu wanahama kwa wingi. Na afike kibaruani, kwa sababu tajiri wa Eastleigh anayekulipa kufua nguo hana habari na mto wenu. Zile KSh10,000 ambazo kila familia iliyohamishwa iliahidiwa zilihitaji jina liwe kwenye daftari, na jina haliingii kwenye daftari ukitoka kwenye foleni kumpeleka mtoto choo. Ukirudi, nafasi imeenda. Watu si wabaya, ni vile kila mtu ana wake.

Na bebikea je? Kwa wasomaji wa upande ule wa mji: bebikea ni chumba cha mabati ambapo mama mmoja, mara nyingine na bintiye, anawekewa watoto kumi au ishirini kuanzia alfajiri, kila mmoja na chupa yake ya uji na nepi za kitambaa ndani ya mfuko wa plastiki. Unalipa bob 50, bob 100, au unaambia mama utatuma jioni. Vyumba hivyo ndivyo vinavyofanya jiji hili liende kazini. Bila wao hakuna mama fua, hakuna muuza mboga, hakuna mfagiaji wa ofisi yako. Sasa fikiria chumba cha kodi nafuu kabisa mtaani huwa wapi. Huwa kando ya mto. Mto ulipopanda ulibeba bebikea pamoja na wateja wao, na mama wa bebikea akajikuta kwenye foleni ile ile ya unga.

Nilikaa wiki tatu mwezi huo wa Mei nikishika watoto katika ukumbi ambao familia zilikuwa zimelala humo. Sikutumwa na mtu. Nilikuwa nimempelekea binamu yangu sufuria na blanketi, mathe mmoja akanikabidhi mtoto nimshikie dakika tano akaandikishe jina. Hiyo ilikuwa saa tatu asubuhi. Alirudi saa tisa. Wengine waliponiona nimekaa na mtoto, wakaongeza wao. Kesho yake nilikuwa na watoto kumi na saba, na mkubwa wao alikuwa na miaka minane.

Hebu msipite hapo haraka. Mimi ni mwanaume wa miaka ishirini na kitu. Zaidi ya nusu ya wale akina mama hawakunijua kabisa. Hakuna aliyeniuliza kitambulisho, hakuna aliyeandika jina langu, na wale maafisa wenye fulana na redio za mkononi walinipita siku nzima wakidhani nimetumwa na shirika jingine. Nilipewa watoto kumi na saba kwa sababu nilikuwa na mapaja mawili na sikuwa kwenye foleni. Haya. Sasa mweke mtu mwingine mahali pangu, yule jamaa ambaye kila mtaa unamjua na kila mtaa unanyamaza kumhusu. Yeye pia ana mapaja mawili. Yeye pia hayuko kwenye foleni.

Kwa hivyo mtu akiniambia malezi ni anasa ya baadaye, kwamba kwanza tuokoe maisha, namuuliza maisha ya nani. Kambi ya wahanga ni mahali ambapo watu mia kadhaa wasiojuana wanalala chini ya paa moja, choo kiko nje gizani, na watu wazima wote wana haraka. Ukitaka kuwinda mtoto, huwezi kupata mahali pazuri zaidi. Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kutunzwa na kulindwa. Kuna Sheria ya Watoto ya 2022. Kuna nambari ya bure ya kuripoti, 116. Vyote vizuri, ila vingi vyake vinaanza kufanya kazi mtoto akishaumia. Kabla ya hapo kinachomlinda ni mtu mzima anayejulikana, aliyeketi mahali panapojulikana, mwenye daftari.

Na usipomweka mtu mzima huyo, msidhani nafasi inabaki wazi. Inajazwa na msichana wa miaka kumi na moja.

Pale ukumbini alikuwepo mmoja. Jina lake lilijulikana na mamake pekee. Sisi wengine wote tulimwita Dadake Mapacha. Mapacha walikuwa na miaka miwili. Aliwalisha, akawaogesha kwa maji ya ndoo, akawabeba kwa zamu, mmoja mgongoni mmoja mkononi, na akitumwa maji akawaacha kwangu kwa masharti kama meneja. Huyu mwenye gari anaruka ugali. Huyu mwingine usimwonyeshe paka. Wageni waliokuja na kamera walimsifu sana. Eti anajiweza. Shule zilipofunguliwa Mei 13, mamake alikuwa bado hajapata chumba, alikuwa akitoka alfajiri kwenda kuulizia Huruma, kuulizia Kariobangi. Nadhani mnajua ni nani hakuenda shule wiki hiyo, wala ile iliyofuata. Hakuna takwimu itakayomhesabu kama mhanga wa mafuriko. Kwenye daftari la chifu familia yao iliandikwa: watu wazima 1, watoto 3. Yule mtoto wa kwanza alikuwa amefanya kazi ya mtu mzima mwezi mzima na bado yuko safu ya kulishwa.

Sasa nije kwa wale wanaonijibu kwa methali. Nikianza kuzungumza hivi, kuna mzee fulani, mara nyingi si mzee hata, ni mtu wa rika langu mwenye podikasti, ataniambia haya ni mambo ya kizungu. Sisi Waafrika mtoto ni wa jamii. Mkono mmoja haulei mwana. Sawa kabisa, ndugu. Hiyo mikono mingine ni ya nani? Nyanya yuko Kitui au Siaya. Shangazi wa ploti ya pili naye amebomolewa. Jirani aliyekuwa akikuchungulilia mtoto kupitia ukuta wa mabati amehamia Dandora kwa dadake na hamjui lini mtaonana tena. Mtaa ni kitu kilichojengwa kwa miaka, mtu akijua huyu mtoto ni wa nani na akilia analilia nini, na tingatinga linauvunja kwa asubuhi moja. Ukishavunja mikono ya watu huwezi kuwarudishia methali yake kama fidia. Tena nikitazama vizuri, hao wanaoitaja methali hiyo sijawaona hata siku moja wakiwa na mtoto wa jirani begani. Mikono wanayoizungumzia ni ya dada zao.

Kuna jibu la pili, nalo ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu linanihusu: vijana wajitolee. Wako wengi, hawana kazi, wana nguvu. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokatika, na tangu hapo nimealikwa kujitolea kuliko nilivyoalikwa harusini. Kujitolea kunachukua nauli. Kunachukua chakula cha mchana. Mwezi ule wa Mei niliandika makala mawili badala ya manane ninayoandika kwa kawaida, na kodi yangu haikujua kwamba nafanya wema. Sijutii hata siku moja ya zile, msinielewe vibaya. Lakini mpango wa taifa hauwezi kusimama juu ya kijana mmoja aliyepeleka sufuria kwa binamu yake.

Halafu kuna kujitolea kwa Jumamosi. Kundi moja lilikuja na basi, fulana mpya, keki, na mtu wa kupaka watoto rangi usoni. Walikaa saa mbili. Walinitaka niwapange watoto kwa urefu. Walipoondoka nilikuwa na watoto arobaini waliojaa sukari, wawili wakilia kwa kuwa yule dada mzuri amesema atarudi kesho, na rangi ya chui usoni bila maji ya kuitoa. Jioni picha zilikuwa mtandaoni, nyuso wazi, mahali pametajwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019 inayodai idhini ya mzazi, na mwaka wa 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya zaidi ya KSh4 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini. Mtoto wa shule ya kulipia ana uso wa milioni nne. Mtoto wa kambini uso wake ni wa bure, tena anapewa keki.

Mtoto aliyepoteza nyumba hahitaji mgeni mzuri. Anahitaji sura ile ile kesho, na keshokutwa, ikimwita kwa jina lake. Pale ukumbini wavulana walikuwa na mchezo wao. Mmoja anakuwa tingatinga, wengine wanapiga magoti wakiwa nyumba, mmoja anakuwa mama anayepiga kelele. Tingatinga linakuja likinguruma, nyumba zinaanguka moja baada ya nyingine, mama anapiga kelele, wote wanacheka, wanaanza tena. Afisa mmoja alitaka niwakataze, akisema unatia watu huzuni. Niliwaacha. Siku ya nne au ya tano nyumba moja ilikataa kuanguka. Tingatinga likaisukuma, ikakataa, wakapigana kidogo, na kuanzia hapo sheria ikawa kwamba nyumba inaweza kukataa. Kama ningekuwa mgeni wa saa mbili ningeona siku ya kwanza tu, na ningeenda kuandika kwamba watoto wameharibika.

Nisije nikaambiwa nataka kitu kisichowezekana, kipo tayari. Marekani kuna kanisa dogo, Church of the Brethren, ambalo tangu 1980 limekuwa likipeleka watu wa kujitolea kushika watoto kwenye makazi ya dharura baada ya vimbunga, moto na mafuriko. Kabla ya kutumwa, mtu anafunzwa saa 25, ikiwemo kulala usiku mmoja kwenye makazi ya kuigiza ili aonje, na rekodi zake za uhalifu zinachunguzwa. Wanabeba begi la vitu vya kuchezea vilivyochaguliwa kwa makusudi, vya kumfanya mtoto abuni mwenyewe. Mashirika makubwa ya kimataifa nayo yamekuwa yakiweka sehemu salama za watoto kwenye kambi za wakimbizi kwa zaidi ya miaka ishirini. Napenda nidhamu hiyo: mafunzo, uchunguzi, daftari. Ninachokataa ni kuichukua nzima nzima na neno lake la kujitolea. Yule anayejitolea kule ameacha kitanda chake nyumbani kikiwa kikavu. Huku, mtu anayefahamu kulea watoto ishirini kwa uji na subira ni mama wa bebikea, naye mvua imempiga kama wengine. Kumwomba ajitolee ni kumwomba atoe alichobakiwa nacho.

Mlipeni.

Tumeshawahi kufanya jambo kama hilo. Kwa miaka na miaka wahudumu wa afya wa jamii walitembea mlango kwa mlango bila kitu, wakiambiwa kazi yao ni wito. Mwaka wa 2023 serikali ikawapa mikoba, simu na posho ya KSh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, karibu watu 100,000 nchi nzima. Hela ni kidogo, na malalamiko kwamba zinachelewa hayajaisha. Lakini kuna orodha, kuna jina, kuna mafunzo, na maji yakija unajua nani wa kumpigia. Sioni kwa nini kila wadi yenye mto isiwe na majina kumi ya akina mama wa bebikea, waliochunguzwa wakati wa kiangazi, waliofunzwa, ambao siku ya msiba ukumbi ukifunguliwa wanapewa kona moja ya kuzungushia turubai na wanaanza kulipwa siku hiyo hiyo.

Nimepiga hesabu kwa sababu najua mtauliza. Watoto sitini, akina mama sita, bob 600 kwa kila mama kwa siku, siku 30. Inakuja KSh108,000. Ongeza uji, sabuni na mikeka. Malipo ya akina mama peke yake ni chini ya kilichoahidiwa familia kumi na moja, na kingewaachia wazazi mikono ya kufuata hizo elfu kumi zenyewe.

Masharti yake ni machache, nami nayajua kwa kuyakosa. Watu wazima wawili kila wakati, asibaki mmoja peke yake na mtoto. Mtoto anaandikwa akiingia, na anayemleta ndiye anayemchukua. Njia ya choo iwe na mtu. Simu za picha zibaki mlangoni. Wanaume tusikatazwe, tuchunguzwe kama kila mtu. Mvulana anayelelewa na wanawake peke yao wakati wa shida anajifunza mapema kwamba shida ni za wanawake. Na msichana wa miaka kumi na moja aandikwe upande wa watoto, apewe kalamu za rangi kama wenzake, hata akisema yeye ni mkubwa.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Kwa kawaida wiki chache kabla yake kaunti huanza kuzibua mitaro, na maafisa huja kwenye baraza kutuambia tuhame mapema. Mkienda kwenye baraza la mtaa wenu, ulizeni fomu ya dharura ina safu gani, muone kama kuna ya malezi, na kama haipo muulize inaandikwa na nani.

Mama wa bebikea aliyekuwa karibu na binamu yangu alifungua tena Agosti ile, ng'ambo ya barabara, mbali kidogo na maji. Kodi imepanda kutoka 2,500 hadi 4,000. Ana watoto kumi na wanne, na mapacha wamo. Anasema tangu mafuriko amejazwa fomu tano na mashirika tofauti, na zote zilimuuliza alipoteza nini. Hakuna iliyomuuliza anajua kufanya nini.